Naomba ushauri: taswira za Macbeth zinatosha kumjua Shakespeare?

Mwanafasihi_Mbishi: Wakuu, habari zenu. Nina insha ya taswira katika Macbeth, tamthilia ya Shakespeare kuhusu jemadari anayemuua mfalme ili atawale. Namfuata mhakiki Caroline Spurgeon, aliyetoa kitabu mwaka 1935 baada ya kukusanya tashbihi na sitiari za Shakespeare na kuzipanga mafungu: mwili, bustani, wanyama, jikoni. Anasema mtunzi hujificha nyuma ya wahusika, ila taswira humponyoka. Sasa Macbeth imejaa nguo. Angus, mmoja wa makabaila, anasema cheo kinamning'inia Macbeth kama joho la jitu alilovaa mwizi kibeti. Na baba yake Shakespeare alikuwa fundi wa glavu, Stratford. Nikiandika kwamba nguo hizo zimetoka karakana ya baba, msimamizi atanielewa?

Kalamu ya Pwani: Atakurudishia kazi, mdogo wangu. Nguo anazitaja Macbeth mwenyewe, jemadari mwenzake Banquo na Angus, na kila mara habari ni ya mtu na cheo kisichomkaa. Hiyo ni kazi ya tamthilia. Karakana itafute kwingine. Kwenye The Merry Wives of Windsor, tamthilia yake nyingine, ndevu kubwa za mviringo zinafananishwa na kisu cha fundi glavu cha kukwangulia ngozi. Pale palifaa chochote cha duara, sahani hata mwezi, yeye kikamjia kisu.

Bi Mshakiki: Kisu hicho hata London angekiona. Spurgeon alivuka mpaka, akafika kutueleza hadi umbo la mwili wa Shakespeare, eti mwepesi na mkakamavu! Kinachonishika mimi ni mbwa na vitu vitamu vinavyoyeyuka. Katika Julius Caesar, Kaisari anavitaja akiwakataa wanaomlamba miguu; katika Hamlet, Hamlet anavigusa akizungumza na rafiki yake Horatio; na katika Antony and Cleopatra, Antony analia navyo jeshi lake la majini lilipomsaliti. Wahusika watatu tofauti, na kote huko kujipendekeza kunakotajwa, mbwa na utamu vinakuja pamoja. Hapo kuna mtu nyuma ya pazia.

Mwanafasihi_Mbishi: Kwa hiyo nguo niziache kwa Macbeth, mbwa nimpe Shakespeare?

Bi Mshakiki: Ndiyo. Andika "huenda alichukia kujipendekeza", usiandike "alichukia".

Kalamu ya Pwani: Na nukuu Kiingereza cha Shakespeare mwenyewe. Ukitumia Makbeth, tafsiri ya Kiswahili ya S. S. Mushi (1968), utakuwa unapima akili ya Mushi.