Naomba ushauri: kosa moja likatwe alama mara ngapi?

Wakuu, tunasahihisha testi ya takwimu ya mwaka wa kwanza, wasahihishaji watatu, kila mmoja na rundo lake. Swali la 3 lina alama 10: wastani 3, variansi ya sampuli (kipimo cha jinsi data zilivyotawanyika kuzunguka wastani) 5, tafsiri ya matokeo 2. Mwanafunzi akikosea wastani, variansi nayo inatoka vibaya hata kama fomula na hatua ni sahihi. Mmoja wetu anampa 0/5. Mimi naona adhabu iishie kwenye wastani; kwenye variansi, aliyegawanya kwa n (idadi ya data) badala ya n − 1 ndiye akatwe 1. Mwongozo wa mhadhiri una majibu ya mwisho tu (kama kawaida). Je, tugawane upya kwa maswali, au tusahihishe script 10 pamoja kwanza tulinganishe?