Mrejesho: Super-Takumar yenye unjano, Kigoma

Wakuu, ahsanteni. Niliuliza kwa nini lenzi yangu ya zamani ya kamera, Super-Takumar 50mm f/1.4, inatia picha unjano. Kweli ni thoriamu, madini yenye mionzi, ndani ya kioo; mionzi yake hukifanya kioo kiwe cha njano. Kufuta kioo hakusaidii kitu. Dawa ni taa ya LED ya UV (mwanga wa urujuanimno): imulike nyuma ya lenzi, tundu la mwanga wazi kabisa, yaani f/1.4, mbele karatasi ya alumini irudishe mwanga. Baada ya wiki kadhaa unjano umebaki kidogo sana. Jua la Kigoma nalo linaweza, ila joto hulainisha grisi, mafuta yakatambaa hadi kwenye vibapa vya tundu. Kupima, piga karatasi nyeupe kamera ikiwa kwenye mpangilio wa rangi (white balance) wa jua. Mpangilio wa otomatiki hurekebisha rangi wenyewe, ukaficha unjano. Kuhifadhi: kopo linalobana, na silika jeli ya kufyonza unyevu. Unyevunyevu wa ziwani huleta fangasi.