Acheni kumsafisha Liz Truss, gharama ya punguzo lake la kodi tumelipa sisi

Wakuu, salaam.

Nimechoka kusoma humu watu wanavyomtetea Liz Truss, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mwaka 2022, eti sera yake ya kupunguza kodi ilikuwa sahihi ila Benki Kuu na "mfumo" wakamhujumu. Mwenyewe ndivyo anavyojitetea. Mimi naishi Uingereza, nilikuwepo, na inaniuma.

Kwanza, alipatikanaje? Julai 2022, Waziri Mkuu Boris Johnson alipotangaza kuachia ngazi, wabunge wa chama chao, Conservative, walipiga kura mizunguko kadhaa kumtafuta mrithi. Ule wa mwisho Rishi Sunak alipata 137, Truss 113. Yaani wenzake wanaomjua kazini hawakumweka wa kwanza! Ila uamuzi wa mwisho ni wa wanachama wa chama hicho, kama 172,000 hivi, kwenye nchi yenye watu zaidi ya milioni 67. Hao ndio aliowashika. Aliwaambia atafuta ongezeko la bima ya taifa (makato ya mishahara) na kuzuia kodi ya makampuni isipande kutoka asilimia 19 hadi 25. Sunak akawaonya kwamba kukopa ili kupunguza kodi wakati bei zinapaa ni kujidanganya. Hawakumsikiliza. Septemba 5 Truss akashinda kwa kura 81,326.

Raia wa Jumuiya ya Madola tunaoishi hapa kihalali tunaruhusiwa kupiga kura uchaguzi mkuu. Kwenye hili hatukuulizwa, na Waingereza wenyewe wengi hawakuulizwa.

Septemba 23 waziri wake wa fedha, Kwasi Kwarteng, akasoma ile bajeti ndogo: kodi zipungue kwa takriban pauni bilioni 45, pengo lizibwe kwa mikopo. Na akatangaza kufuta kiwango cha kodi ya mapato cha asilimia 45 kwa wanaopata zaidi ya pauni 150,000 kwa mwaka, kitu ambacho Truss hakuwaahidi hata hao wanachama wake! Watu wanashindwa kuwasha hita, yeye anawapunguzia mzigo matajiri.

Jumatatu yake pauni ikaanguka hadi karibu dola 1.03, haijawahi kuwa chini hivyo. Siku mbili baadaye Benki Kuu ikalazimika kununua hati fungani (dhamana za mikopo) za serikali kuokoa mifuko ya pensheni. Hiyo ndiyo mnaita hujuma?

Mkopo wetu wa nyumba ulikuwa unamaliza muda wa riba isiyobadilika majira yale yale. Benki ilishatupa ofa nzuri, hatujasaini, wakaiondoa. Iliyokuja baadaye ilipita asilimia 6. Mke wangu akaongeza zamu za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, akirudi asubuhi mimi natoka, watoto wanaamka wenyewe. Na mama kule Tanga akawa anapiga simu kuuliza mbona hela imepungua, wakati nimetuma pauni zile zile.

Kwarteng akafukuzwa Oktoba 14, sehemu kubwa ya bajeti ikafutwa, Truss akatangaza kujiuzulu tarehe 20. Riba yetu haikufutwa.

Sasa anayemtetea aje anijibu hapa, bila matusi: ofisi huru inayokagua hesabu za bajeti ilijitolea kutoa makadirio kabla ya tangazo lile. Kwa nini serikali yake haikuyataka?