Mfamasia na methadoni: kazi iishie dirishani?

Famasi_Moshi:
Wakuu, habari za kazi. Marekani tangu mwisho wa 2022 wamefuta kibali maalumu cha kuandika buprenofini (kama methadoni, ni dawa ya kutibu uraibu wa heroini), na Uingereza famasi za mtaani zimezoea kunywesha methadoni mbele ya mfamasia. Kwetu ilianza Muhimbili 2011, na mpaka leo mteja anaifuata kliniki. Mfamasia aongezewe nini zaidi ya kupima na kukabidhi? Na sisi wa famasi za kawaida hapa Moshi, tusioshika methadoni kabisa, tuna la kufanya?

KipimoSakina (Arusha):
Mkuu, hilo dirisha lenyewe wengi hawalitumii. Kabla ya kumimina, mwongeleshe mteja. Akisinzia, akivuta maneno, mboni zikiwa nukta tu, au akinuka pombe, dozi haitoki mpaka daktari amwone. Kisha soma chupa, usiishie kwenye kadi: 60 mg ya dawa ya 5 mg/ml ni ml 12, lakini ml 12 hizo hizo za 10 mg/ml ni 120 mg. Akimeza, anywe maji na aseme neno, maana inayobaki shavuni inaenda kuuzwa.

Mamlaka ningeanzia kwenye dozi zilizokosekana, kwa mwongozo wa maandishi uliosainiwa na daktari. Akikosa siku 1 au 2 na yuko sawa, anaendelea. Akikosa 3 mfululizo, dozi ya zamani inasimama mpaka apimwe upya. Zikifika 5, anaanza upya chini, isizidi 30 mg, kwa sababu mwili umeshapoteza mazoea. Mgonjwa mpya naye asiharakishwe. Methadoni inajilimbikiza: 30 mg iliyoonekana ndogo Jumatatu inaweza kumzidi Alhamisi bila kuongezwa hata tone. Kupandisha kila siku eti kwa sababu analia arosto (mateso ya kukosa unga) ni kutafuta msiba.

Dada_Dozi:
Msisahau TB. Rifampisini, dawa ya TB, inalifanya ini livunje methadoni haraka, na ndani ya siku chache mteja anarudi na arosto ya kweli huku watu wakisema anadanganya ili aongezewe. Apandishwe. Na rifampisini ikiisha ashushwe taratibu, kwa sababu ini linarudi polepole, kama wiki 2, na dozi ile kubwa itamlemea. Efavirenzi (ya VVU), fenitoini na karbamazepini (za kifafa) zina tabia hiyo hiyo. Dolutegraviri, nayo ya VVU, haigombani na methadoni, ila ikikutana na rifampisini yenyewe inatakiwa 50 mg mara mbili kwa siku. Flukonazoli, dawa ya fangasi, ni kinyume, inapandisha methadoni.

Famasi_Moshi, hapo ndipo unapoingia wewe. Anayekuja kuchukua flukonazoli, au ana cheti cha valiamu (nayo inalaza, ikiongezwa juu ya methadoni ni hatari), muulize kama anatumia methadoni. Muulize pembeni. Ukimwita teja mbele ya foleni, kesho ataenda duka la pili na hatasema kitu.

Famasi_Moshi:
Asante dada. Na famasi kuanzisha buprenofini yenyewe?

KipimoSakina:
Rhode Island, Marekani, walijaribu, matokeo yakatoka 2023. Watu 58 waliokwisha kutulia kwenye dawa waligawanywa: baada ya mwezi, 89% ya waliobaki famasi walikuwa bado wanahudhuria, dhidi ya 17% ya waliopelekwa huduma ya kawaida. Ni utafiti mdogo, na wale wafamasia walikuwa na mafunzo na makubaliano na madaktari, tusirukie.

Ugumu wake uko mwanzoni. Ukiweka buprenofini chini ya ulimi wakati heroini bado imejaa mwilini, inaifukuza na mtu anaingia arosto kali hapo hapo. Subiri walau saa 12 tangu unga wa mwisho, uone dalili kwa macho yako (jasho, miayo, malaika kusimama, mboni kupanuka), ndipo uanze na 2 hadi 4 mg. Anayetoka methadoni anasubiri zaidi, siku 1 hadi 3.

Dada_Dozi:
Na naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na heroini au methadoni, iwe karibu, si kwenye kabati lililofungwa na ufunguo uko kwa bosi. 0.4 mg kwenye msuli, mpulizie pumzi, rudia baada ya dakika 2 au 3 kama hapumui vizuri. Akiamka msimruhusu aende. Naloksoni inaisha ndani ya dakika 30 hadi 90, methadoni bado ipo, na anaweza kuzima tena akiwa kwenye daladala.