Nipo chuo Dodoma, nataka kununua NAS ya kuhifadhi kazi zangu na muvi. Ina ulazima kweli?

Kijana wa Ng'ong'ona

Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela mfukoni, maana ikishatoka hairudi.

Nipo mwaka wa tatu, nimepanga Ng'ong'ona na wenzangu wawili, kila mtu chumba chake, luku moja. Laptopu yangu ina SSD ya GB 256 na imeshajaa. Wikiendi napiga picha na video za kipaimara, sendofu na mahafali, kazi moja inaweza kufika GB 80. Zote nazisukumia kwenye diski ya nje ya TB 1. Humo humo kuna data za utafiti wangu: madodoso ya Bahi na Chamwino, na rekodi za sauti za wakulima niliowahoji. Kuna pia video za bibi akisimulia habari za ukoo wetu, na bibi mwenyewe ameshatangulia mbele za haki. Sasa hiyo diski siku hizi nikiichomeka inagonga kwanza, tik, tik, tik, halafu ndiyo inafunguka. Wakati mwingine haifunguki mpaka niichomoe na kuirudisha.

Nimeona NAS, yaani sanduku la diski linalofunguliwa kupitia mtandao wa nyumbani, ya kampuni ya Synology, DS223j, ya kuweka diski mbili. Muuzaji wa Dar ananiambia laki saba na ushee, sanduku tupu bila diski. Wenzangu wako tayari tuchange, ili tuweke na muvi na kila mtu aangalie akiwa chumbani kwake. Hofu yao ni bando, tunatumia intaneti ya laini ya simu.

Je, kwa mwanafunzi kama mimi NAS ina ulazima?

fundi_wa_Majengo

Dogo, habari ya NAS iweke pembeni kwanza. Diski inayogonga hivyo inakuaga. Ule mlio mara nyingi ni kichwa cha kusomea kinatafuta mahali pake juu ya sahani, kinakosa, kinarudi kuanza upya. Kila ukiichomeka unapunguza nafasi ulizobakiwa nazo.

Usiifomati hata kompyuta ikikuomba. Usiitikise, na usimsikilize anayekwambia uiweke kwenye friza. Tafuta leo leo mahali pa kuhamishia, hata kwa kuazima diski ya mwenzako. Chomeka mara moja, ilaze mezani, usiiguse tena, na anza na vitu ambavyo duniani havipatikani kwingine: bibi, kisha rekodi za wahojiwa, kisha madodoso, kisha kazi za wateja ambazo hujakabidhi. Muvi usihangaike nazo. Usinakili foda zote kwa mkupuo, nenda foda moja moja, kwa sababu ikigota kwenye faili bovu unaweza kukwama na yale mazima yaliyo nyuma yake.

Kama una mtu anayejua Linux hapo chuoni, mwambie atumie programu ya ddrescue. Ile inaruka sehemu mbovu, inabeba kwanza zile zinazosomeka, halafu inarudia zilizobaki. Na ikifika mahali diski haionekani kabisa, acha kuijaribu. Hapo inahitaji kufunguliwa kwenye chumba kisicho na vumbi, na Dodoma hii ya upepo chumba cha namna hiyo si cha kubahatisha juu ya meza ya fundi.

Binti Kondoa

Naunga mkono fundi, fanya hilo kwanza. Sasa nije kwenye swali lako, mdogo wangu, maana mimi kazi yangu ni hizi mashine.

NAS ni kompyuta ndogo yenye diski, inakaa kwenye mtandao wa nyumbani, na watu wengi wanaifungua kwa wakati mmoja. Kazi yake ya kwanza ni kushirikisha. Watu wanaichanganya na bekapu kwa sababu ina diski mbili na unaweza kuziweka kwenye RAID 1, kila kinachoandikwa huku kinaandikwa na kule. Hiyo inakusaidia diski moja ikifa. Lakini ukifuta foda ya utafiti kwa bahati mbaya, inafutika kwenye diski zote mbili papo hapo. Mwizi akibeba sanduku, amebeba zote. Umeme ukipiga vibaya, unapiga zote. Na virusi wanaofunga mafaili na kudai pesa hawachagui: Januari 2022 NAS nyingi za kampuni ya QNAP zilizokuwa wazi kwenye intaneti zilifungwa na virusi wa aina hiyo, DeadBolt, na wenye mashine waliokuwa na RAID haikuwasaidia kitu.

Kanuni ambayo mpiga picha Peter Krogh aliieneza, na wewe ni mpiga picha, ni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Jihesabu mwenyewe. Video za bibi ziko ngapi? Moja, tena kwenye diski inayogonga. Ukinunua NAS leo na kuzihamishia humo, bado ni moja. Hiyo laki saba haijakupa nakala ya pili mahali pa pili, na hicho ndicho unachokosa.

Ushauri wangu: nunua diski mbili za nje za TB 2. Moja ya kufanyia kazi, inakaa kwako. Ya pili ikae kwa ndugu au mtu unayemwamini, mtaa mwingine kabisa, na kila mwisho wa mwezi unaipitia, unanakili, unairudisha. Ripoti ya utafiti na madodoso uliyoingiza kwenye kompyuta ni vitu vyepesi, Google inatoa GB 15 bure, vinaingia na nafasi inabaki. Ukiandika sura moja usiku, ipandishe usiku huo huo, hata bando la kuunga linatosha.

Zabibu Tamu

Mimi nimemaliza UDOM na nimepanga maeneo hayo hayo, kwa hiyo niongelee upande wa maisha.

Hiyo DS223j haina waifai ndani, inataka waya kwenda kwenye ruta. Kama mnayotumia ni ile MiFi ndogo ya betri, nyingi hazina tundu la waya, kwa hiyo jumlisha na bei ya ruta nyingine. Halafu kasi: kwenye waifai ya kawaida ya GHz 2.4, na kuta za tofali katikati, unaweza kupata MB 5 kwa sekunde. GB 80 za sendofu moja ni saa nne na zaidi. Diski ya nje kwenye USB 3 inamaliza kazi hiyo hiyo kwa robo saa hivi. Kwa mtu wa video tofauti hiyo ni kubwa mno.

Luku nayo. Mashine yenyewe inakula karibu wati 16 ikiwa kazini, ukiiacha usiku na mchana ni uniti 11 na kitu kwa mwezi. Si nyingi. Ila kama nyumba yenu iko kwenye tarifu ya chini ya uniti 75, angalieni msije mkavuka, maana uniti za juu ya hapo bei yake inapaa. Na luku ikiisha saa nane usiku mashine ikiwa inaandika, ndipo mafaili yanapoharibika. Itataka UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika.

Jambo ambalo watu hawalisemi: mwaka wa tatu unaisha. Wewe unaenda Kongwa, mwingine Mwanza, mwingine Mbeya. Mliochanga watatu, sanduku anabeba nani?

Kuhusu bando waondoe hofu wenzako. Muvi ikitoka kwenye diski, ikapita kwenye ruta yenu kwenda kwenye simu ya jirani chumba cha pili, haigusi bando hata kidogo, imeishia humo humo ndani. Na kwa kazi hiyo laptopu yoyote ya zamani inatosha: weka Jellyfin, programu ya kurushia muvi ndani ya nyumba, ni ya bure, ielekeze kwenye foda ya muvi.

Mzee wa Kisasa

Vijana mmeongea vizuri, ila msiifanye NAS ionekane haina maana. Mimi ninayo nyumbani na siiachi. Tupo familia, simu nyingi, kompyuta mbili. Simu ya mama watoto ikiingia getini inashika waifai na picha zinajipakia zenyewe, hakuna anayekumbushwa. Hapo ndipo thamani yake ilipo: bekapu inayosubiri mtu akumbuke kuchomeka waya mara nyingi haifanyiki. Dada hapo juu anasema mwisho wa mwezi. Kijana mwenye mitihani na sendofu tatu atakumbuka?

Lakini ninayo nyumba ambayo sihami, nina UPS, nina kona yenye hewa mbali na dirisha, na vumbi nalifuta mwenyewe. Na bado NAS yangu ina diski ya nje ambayo inanakiliwa na kupelekwa kwa mdogo wangu Ipagala. Kijana, siku ukiwa na ofisi yako ya video, na mtu wa pili anayehariri, nunua bila kuuliza mtu. Kwa sasa hapana.

Huo usahaulifu utibu kwa programu ya Syncthing. Iweke kwenye simu na kwenye laptopu, zikikutana kwenye waifai moja zinapeana mafaili zenyewe bila kupitia intaneti. Ila ukifuta upande mmoja na upande wa pili inafuta, kwa hiyo washa ile sehemu ya kutunza matoleo ya zamani.

Kijana wa Ng'ong'ona

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Nimeazima diski ya mwenzangu, video za bibi zimetoka zote, nimezifungua moja baada ya nyingine na zinacheza mpaka mwisho. Rekodi za wahojiwa zimetoka, mbili zimegoma, ila hizo bado ziko kwenye kinasa sauti. Kazi za wateja naendelea nazo kesho.

Nimekubali kununua diski mbili. Ya pili itakaa kwa mama mdogo Nkuhungu. Sasa kuna kijana anauza diski za TB 16 kwa elfu arobaini, za SSD kabisa. Je, nichukue hizo?

fundi_wa_Majengo

Usiguse! Hakuna TB 16 ya elfu arobaini. Ndani mara nyingi ni kadi ndogo ya memori iliyodanganywa programu yake ijitangaze kuwa kubwa. Inapokea mafaili yote, majina unayaona, ukija kufungua ndani hamna kitu. Nunua dukani penye risiti, na ukifika nyumbani ipime kabla hujaweka chochote: tumia programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux. Inajaza diski nzima halafu inasoma tena kama kilichoandikwa ndicho kilichopo. Inachukua muda mrefu, iache usiku.

Fomati kwa mfumo wa exFAT kama utahama kati ya Windows na Mac. Mfumo wa zamani wa FAT32 haupokei faili linalozidi GB 4, video zako zitagoma. Na diski ya exFAT haipendi kuchomolewa ghafla, bonyeza kutoa kwanza.

Binti Kondoa

Mdogo wangu, bado moja. Hizo rekodi za wakulima zina sauti na majina ya watu waliokuamini. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, uliwaahidi usiri. Ndiyo maana sikupenda wazo la kuziweka kwenye sanduku la muvi linalofunguliwa na nyumba nzima. Tengeneza sehemu iliyofungwa kwa nywila ndani ya diski kwa VeraCrypt, ni ya bure, na ile ya Nkuhungu ifanye hivyo hivyo. Nywila iandike kwenye karatasi, ikae mahali tofauti na diski, maana ukiisahau hakuna wa kukufungulia.

Mzee wa Kisasa

Marahaba kijana. Na hiyo inayogonga, ukishamaliza kuhamisha, usimuuzie mtu wala kuitupa jalalani ikiwa nzima. Ina sherehe za watu humo. Mpelekee fundi aitoboe sahani.

Kijana wa Ng'ong'ona

Sawa mzee. Fundi, Majengo upo upande gani? Nitakuja Jumamosi nikitoka kwenye kipaimara.