Hati ya silaha yangu nitaionyesha, lakini nakala yake siiachi kwenye droo ya kiwanja cha shabaha

Ndugu wanajamvi, hasa mlioko Marekani na mnaomiliki silaha kihalali, nafungua uzi huu nikiwa na hasira.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwenye kiwanja cha kulenga shabaha hapa Texas nikiwa na bunduki yangu yenye kiwambo cha kuzuia sauti. Mhudumu wa mapokezi alidai hati, nami nikamfungulia kwenye simu fomu iliyoidhinishwa na ATF (idara ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia silaha), yenye jina langu na namba ileile iliyochongwa kwenye kiwambo. Namba hakuitazama kabisa. Alitaka karatasi, na nilipomtolea kutoka kwenye begi akageuka nayo kuelekea mashine ya fotokopi, akisema kila mwenye silaha ya aina hii huacha nakala. Nilipokataa, nikaambiwa nifungashe vitu vyangu niondoke, na ada niliyokwisha kulipa hawakunirudishia.

Viwambo, bunduki zilizofupishwa mtutu na silaha za rashasha zinasimamiwa na sheria ya serikali kuu ya mwaka 1934. Mnunuzi hutuma alama za vidole na picha, na sisi tuliosajili viwambo kabla ya Januari 1, 2026 tulilipa kodi ya dola 200. Tangu tarehe hiyo kodi hiyo ni sifuri, lakini usajili uko palepale. Sheria inamtaka mmiliki atunze uthibitisho wa usajili na kuutoa serikali kuu inapouhitaji. Mhudumu wa kiwanja hatajwi popote, seuze faili lake. ATF yenyewe huzichukulia taarifa za sajili hiyo kuwa siri za kodi, kwa hiyo hata kiwanja kikipiga simu kuulizia silaha ya fulani, hakitajibiwa.

Ninafahamu kuwa kiwanja ni mali ya mtu, na mwenyewe ana haki ya kuweka masharti. Hofu yake pia naielewa, kwani kukutwa na silaha isiyosajiliwa kunaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 10, na kwa sisi wenye makazi ya kudumu, hatia ya silaha inaweza kutufukuzisha nchini, ndiyo maana karatasi zangu haziachani na bunduki. Lakini hofu hiyo inaondoka kwa kulinganisha namba ya kwenye fomu na ya kwenye chuma, kazi isiyomaliza hata dakika moja. Fotokopi haithibitishi chochote zaidi. Kinachoongezeka ni faili lenye jina langu, anwani ya nyumbani kwangu, aina ya silaha niliyonayo na namba yake, ndani ya droo isiyo na kufuli nyuma ya kaunta, mahali ambapo kila kijana wa zamu anapita. Mwizi wa silaha angetafuta orodha gani bora kuliko hiyo?

Nimeuandikia uongozi nikitaka sharti lao libandikwe mlangoni kabla mtu hajalipa, fomu ya kwenye simu ikubaliwe, ada yangu irudishwe, na nakala zote walizokwisha kukusanya ziteketezwe mbele ya wenyewe. Hawajajibu. Kama kiwanja chako hukagua hati bila kuinakili, naomba ueleze hapa utaratibu wao ulivyo, ili niuambatishe kwenye barua ya pili.