Medali za marehemu baba aliyepigana Burma: tuzing'arishe na kuchonga jina?

Mwana wa Keya
Wakuu, habarini. Marehemu baba alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza Afrika Mashariki, batalioni ya 36 (36 KAR), akapelekwa Burma 1944. Ameacha medali nne: nyota mbili na mbili za duara. Zimefubaa hadi nyeusi, na nyota moja imeota kutu ya kijani. Kuna pia cheti cha kuachishwa jeshi, kinachanika kwenye mikunjo. Tunataka kuviweka kwenye fremu kabla ya hitima ya mwaka huu. Sonara anasema hazina jina popote, huenda ni feki, ila yuko tayari kuzing'arisha na kuchonga jina la mzee. Tumpe?

Fundi Makumbusho
Msimpe. Nyota za Vita vya Pili walizopewa Keya zilitoka bila jina, kwa hiyo mgongo mtupu si dalili ya feki. Jina jipya likichongwa ndipo zitakapotiliwa shaka.

Tazama hivi: nyota iwe na ncha sita, katikati herufi GRI na VI (alama ya Mfalme George wa Sita), na mduara wenye jina la nyota yenyewe. Utepe ni milimita 32. Wa Burma Star (nyota ya Burma) ni bluu iliyoiva, mstari mpana mwekundu katikati, na mstari mwembamba wa chungwa ndani ya kila bluu. Za duara: nyuma kukiwa na simba amesimama juu ya joka, hiyo ni War Medal; simba wawili kando ya mti, Defence Medal.

Weusi uacheni. Dawa ya kung'arishia shaba ina mchanga laini unaokula herufi, na ukoko wake mweupe hubaki kwenye mashimo. Shughulikieni kijani tu, kwa sababu hicho kinaendelea kula metali: kwangua polepole kwa kijiti cha meno cha mbao (sindano itakwaruza), kisha pamba yenye spiriti kidogo. Utepe usiloe, rangi itachuja. Ukichakaa, nunueni mpya lakini wa zamani msiutupe.

Bi. Nyaraka
Cheti kisilaminishwe kabisa! Joto hugandisha plastiki kwenye karatasi na haitoki tena. Selotepu nayo gundi yake hugeuka kahawia na kupenya. Skani pande zote mbili, dpi 600, hata nyuma kukionekana kutupu, maana maandishi ya penseli hufifia. Nakala ndiyo iingie kwenye fremu. Cheti chenyewe kilale bapa ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi, kwenye boksi, mbali na mchwa.

Fremu: ubao wa unga wa mbao hutoa mvuke wa asidi unaorudisha kutu ile ile. Tumieni kadibodi isiyo na asidi, shoneni utepe kwa uzi badala ya gundi, na kioo kisiguse medali. Isitundikwe mkabala na dirisha. Kama mko pwani, wekeni vifuko vya silika (vya kunyonya unyevu) nyuma.

Mwana wa Keya
Asanteni sana. Na kaburi? Kuna ndugu anasema Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola itatuwekea jiwe.

Mzee wa Mafaili
Tume hiyo inahusika na waliofariki kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Aliyerudi akafia nyumbani miaka mingi baadaye hayumo, jiwe ni la familia. Andikeni namba ya jeshi, cheo na batalioni kama zilivyo kwenye cheti, msitegemee kumbukumbu ya mtu. Fundi asije akaandika "6 KAR" badala ya "36 KAR", maana hizo ni batalioni mbili tofauti, ingawa zote ni za Tanganyika.

Mkitaka kujua alipita wapi, 36 KAR ilikuwa Brigedi ya 26, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile ya nembo ya kichwa cha kifaru, iliyoteremka bonde la Kabaw hadi Kalewa, huko Burma, mwishoni mwa 1944. Shajara za vita za huko zipo Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, fungu WO 172. Humo maafisa ndio hutajwa kwa majina. Askari wa kawaida ni nadra. Tafuteni kwa batalioni na mwezi.